Kwenye Dr. Stone siri ya Senku siyo kichwa, ni mzee Kaseki. Nipingeni

FundiGeti #1

Wakuu habarini. Nimemaliza manga (katuni ya Kijapani) ya Dr. Stone yote, sura 232, kuna jambo linanikera kwenye mijadala ya watu wa anime, kila mtu Senku Senku Senku.

Kwa ambao hawajaisoma: tarehe 3 Juni 2019 mwanga unapita duniani, binadamu wote wanageuka mawe. Zaidi ya miaka 3,700 inapita, miji imeliwa na msitu, dogo mmoja wa sekondari anaitwa Senku Ishigami anazinduka na kuamua atarudisha ustaarabu wote kuanzia jiwe mpaka roketi, kwa sayansi tupu. Hana nguo, hana kisu, ana kichwa tu.

Hoja yangu ni hii. Kichwa peke yake kilikwama mapema sana. Angalieni pale kwenye vioo. Senku anajua kioo kinatengenezwaje, mchanga anao, moto anao, yeye na Chrome, dogo wa kijijini anayependa sayansi, wanapuliza vinatoka vitu havieleweki, huwezi kuchemshia hata chai. Anakuja Kaseki, mzee wa miaka 60 ambaye hajawahi kukiona kioo maisha yake yote, anaangalia kidogo, anavua shati, anatoa chupa za maabara safi kabisa. Na baadaye ile pampu ya Hickman ya kutoa hewa kwenye balbu nani kaitengeneza? Senku kachora tu kwenye karatasi. Bila yule mzee hakuna dawa, hakuna balbu, hakuna simu.

Mimi ni fundi wa mageti na madirisha. Wanakuja vijana wa chuo kwa mazoezi, dogo anajua ampia ngapi kwa unene upi wa chuma, anakwambia na fomula yake, akishika elektrodi anatoboa bati. Sisemi kusoma ni kubaya. Nasema ile manga ni ya Kaseki na watu wamepewa Senku kwa sababu ana nywele nzuri.

Nipingeni.

Kipara_Ngoto #2

Nimevuta stuli. Ngoja waje.

NjiwaManga #3

Mkuu heshima yako lakini hapana. Kaseki alikuwepo pale kijijini miaka yote 60 na mikono yake hiyohiyo, mbona hakutengeneza hata kikombe cha kioo? Alikuwa anatengeneza ngao na madaraja ya kamba. Mikono bila mtu wa kuiambia nini kinawezekana inabaki hapohapo. Halafu unasahau kabla ya kijiji Senku alikaa peke yake karibu miezi sita kabla rafiki yake Taiju hajazinduka, na kwenye jiwe alihesabu sekunde miaka yote hiyo ili asipoteze fahamu, ndiyo maana alijua leo ni tarehe 1 Aprili mwaka 5738. Nimepiga kwenye kikokotoo, miaka 3,700 ni kama sekunde bilioni 116 na ushee. Mtu wa hivyo unamlinganisha na fundi?

Kipara_Ngoto #4

Bilioni 116 bila kukosea hata moja. Mimi nikihesabu kuku wangu jioni napata majibu mawili tofauti.

BintiMaabara #5

@NjiwaManga hiyo ya kuhesabu ni chai ya wazi, hata mwandishi anajua, tuiache kama ilivyo kwa sababu bila hiyo hakuna hadithi. Ila alivyochagua kuzinduka mwanzo wa machipuko ili asikutane na baridi kali akiwa uchi, hapo namvulia kofia.

Nafanya maabara ya shule, niwaambieni kitu ambacho wengi hawajui. Ile dawa ya kuwazindua watu, asidi ya naitriki ukichanganya na pombe, ipo kweli na jina lake ni lilelile, nital. Ila kazi yake siyo kuzindua mtu. Watu wa metali wanaipaka kwenye chuma cha pua kilichosuguliwa kikang'aa ili uone chembechembe zake kwenye hadubini. Kwa hiyo mwandishi kachukua kitu kinachokula uso wa chuma akakigeuza kinachokula ganda la jiwe. Ujanja mzuri sana.

Penye shida ni pango. Kwenye hadithi asidi inadondoka yenyewe kutoka kwenye kinyesi cha popo, anakinga chungu. Kinyesi cha popo kikioza kwa miaka kinakupa chumvi za naitreti, yaani ile shura ya kutengenezea baruti, hakikupi asidi imeshaiva inadondoka. Ukitaka asidi unachukua shura unaichemsha na asidi ya salfa, na asidi ya salfa Senku aliipata mbele sana kwenye hadithi. Ni kama kafika kabla hajaondoka.

FundiGeti #6

@BintiMaabara darasa safi dada. Ila umenisaidia mimi, hicho chungu cha kukingia nani alifinyanga hahaha

NjiwaManga #7

Senku na Taiju. Soma tena sura za mwanzo.

Kigoda #8

Nyote mnazunguka. Si kichwa, si mikono, ni TUMBO. Kumbukeni walivyotaka kuyeyusha chuma. Mchanga wa chuma wameukusanya kwa sumaku mtoni, mkaa upo, tanuru lipo, fomula ipo kichwani. Wakapuliza hewa mpaka wanaanguka kwa uchovu, moto haufiki nyuzi 1,500. Wachache sana. Senku akafanya nini? Hakutafuta kitabu wala fundi. Akapika rameni, zile tambi za supu za Kijapani. Kwa unga wa nyasi mwitu, zile zinazofanana na ulezi. Wanakijiji wakala wakachanganyikiwa, kesho yake watu wa kupuliza wapo.

Hiyo ndiyo historia ya dunia nzima. Ukiwa na chakula cha ziada una watu ambao leo hawaendi kuwinda, na hao ndio wanakuwa wahunzi, wafinyanzi, walimu. Kile kijiji kilikuwa na watu 40, wote wanatafuta samaki. Kaseki alikuwa mmoja kwa sababu kijiji kile kisingeweza kulisha Kaseki wawili.

FundiGeti #9

Hapo kwenye Kaseki wawili umenigusa lakini sikubali bado.

Rweyemamu_Jr #10

Mmefika kwenye chuma sasa tulieni niwape somo. Mnahangaika na Wajapani wa kuchora wakati wazee wetu Buhaya walishafanya hayo zamani. Wataalamu wawili, Peter Schmidt na Donald Avery, waliandika kwenye jarida la Science mwaka 1978 kwamba wahunzi wa Kagera walitengeneza chuma cha pua miaka kama 1,500 mpaka 2,000 iliyopita. Katuruka kule Maruku ukienda unaonyeshwa mabaki ya matanuru. Matanuru yenyewe shimo la chini linajazwa majani ya kinamasi, yanachomwa mpaka yanakuwa makaa ndani ya shimo, juu yake mnara wa udongo wa kichuguu na takataka za chuma cha zamani, na mifereji ya udongo inaingia ndani kabisa kupeleka hewa ya mivukuto. Senku alipuliza kutoka nje ndiyo maana alikwama.

Kipara_Ngoto #11

Nilikuwa najiuliza Mhaya atachelewa mpaka posti ya ngapi. Kumi kamili. Hata roketi ya Senku mtasema ilipitia Bukoba.

Rweyemamu_Jr #12

Ilipitia kujaza senene.

mwamba_wa_miamba #13

@Rweyemamu_Jr nyongeza kidogo mkuu. Kwamba chuma cha pua kilipatikana Kagera hilo halina ubishi mkubwa. Kilicholeta ubishi ni ile hoja kwamba hewa ilikuwa inapashwa moto ndani ya mifereji kabla haijafika kwenye mkaa na kwamba ndiyo siri yenyewe. Wapo wataalamu wa metali waliipinga kwa maandishi. Tuseme jambo linalosimama.

Na kuna jambo zuri zaidi umeliruka. Walipofanya lile jaribio miaka ya 70, uhunzi wa kuyeyusha mawe ulikuwa umeshakufa kwa miongo mingi, majembe ya dukani yaliua soko. Wazee walijenga tanuru kwa kukumbuka. Sasa mleta mada na NjiwaManga wote wawili wachukue hiyo, pale kichwa ndiyo mikono.

Turudi kwenye hoja yangu mimi. Nimesoma jiolojia. Nyote mmesahau ARDHI. Senku alibahatika kuzindukia Japani. Pale ni volkano juu ya volkano. Anataka salfa ya baruti, anatembea kutoka Tokyo mpaka Hakone, kama kilomita 80, imelala juu ya ardhi anaokota. Anataka mchanga wa chuma, mito ya Japani imejaa, panga zao za kale zote zinatokana na mchanga huo kwenye tanuru la tatara, siku tatu mchana na usiku bila kuzima. Anataka mafuta, yapo Sagara mkoa wa Shizuoka, kisima cha kweli kabisa kilichowahi kuchimbwa kibiashara, na mafuta yake ni mepesi ajabu. Shaba ipo, tangsteni ipo. Yote yako mwendo wa miguu. Mweke dogo huyuhuyu katikati ya tambarare ya mfinyanzi, kichwa chote hicho kingeishia kulima viazi.

Osaka_Kwa_Muda #14

Nipo Japani kimasomo, Hakone nimefika, nathibitisha alichosema @mwamba_wa_miamba. Sehemu inaitwa Owakudani, unashuka tu unapokewa na harufu ya yai bovu, moshi unatoka ubavuni mwa mlima na mawe yamepakwa njano. Wanachemsha mayai kwenye maji yale, ganda linatoka jeusi tii kama masizi, ndani yai la kawaida. Wanauza na hadithi kwamba ukila moja unaongeza miaka saba. Nilikula nikashiba.

Halafu kuna ziwa la asidi kwenye hadithi, lile ambalo Senku anatumia mkuki wa fedha kujua gesi ya sumu imekaribia kwa sababu fedha inabadilika rangi. Gesi hiyo siyo ya kubuni, kwenye milima hii kuna mabango ya kuwaonya wenye pumu na moyo wasisogee.

Msee_wa_Kisauni #15

Sasa @mwamba_wa_miamba tuambie, huyo kijana angezindukia huku kwetu je? Kenya tuko na Magadi, soda imejaa ziwa zima unachota kwa koleo. Kwenye manga walichoma mwani ndo wapate hiyo soda ya sabuni na kioo. Sisi tungekuwa tumewapita kwa sabuni siku ya kwanza.

mwamba_wa_miamba #16

Kwa soda mngewapita kweli, ninyi na Natron yetu. Sabuni na kioo tungekuwa mbele. Salfa ya kuokota ndiyo ngumu, na umbali. Chuma chetu kikubwa kipo Liganga, soda ipo kaskazini, chumvi ya bahari ipo pwani. Utembee na gunia mgongoni.

Kigoda #17

Na kinyesi cha popo tungepata wapi? Nasikia Minjingu kuna mlima mzima wa kinyesi cha ndege.

mwamba_wa_miamba #18

Minjingu ni fosfeti. Ni kweli asili yake ni ndege wa ziwani wa enzi za kale, ila baruti huitengenezi kwa fosfeti, unapata mbolea. Nenda Amboni Tanga, popo wapo.

Kigoda #19

Mbolea inanitosha. Nimesema tumbo kwanza.

mtoto_wa_Makunduchi #20

Assalaam aleikum. Mimi naingilia hapo penye magamba ya kombe. Senku jambo lake la mwanzo kabisa, kabla ya chuma kabla ya nini, alisaga magamba ya pwani. Chokaa. Akasema chokaa utaitia shamba, utajengea, utafanyia sabuni. Na ile sabuni ndiyo akaiita jiwe la kuokoa maisha, kwa kuwa hakuna daktari hakuna dawa, ukiumia kidonda kikaoza umekufa.

Babu yangu akichoma chokaa Unguja. Si magamba, ni matumbawe. Mnapanga vigogo vya mnazi duara, tabaka juu ya tabaka mpaka panakuwa kilinge kikubwa, katikati mnaacha tundu mnatia makumbi na makaa, mawe juu yake. Linawashwa jioni. Usiku kucha linaunguruma, asubuhi mawe yale yale ya kijivu yamekuwa meupe na mepesi, ukiliinua moja unadhani limetobolewa ndani. Halafu ndiyo kazi, maji. Ukinyunyiza maji jiwe linatoa moshi, linapasuka, linajimwaga lenyewe unga. Wala husagi. Na wallahi usitie mkono mbichi, linakula ngozi. Babu vidole vyake havikuwa na alama za dole gumba, kura alikuwa akipigia taabu.

Basi ndio maana nasema mambo haya si ya kichwa cha mtu mmoja. Chokaa inataka nyuzi 900 hivi, moto wa magogo unafika. Chuma kinataka 1,500, haufiki. Moto wako unafika wapi ndiyo unajua utaishia wapi. Mimi kura yangu naupa MOTO.

BintiMaabara #21

Hii posti #20 iwekwe juu kabisa ya uzi.

FundiGeti #22

Shekhe, babu yako ndiye Kaseki mwenyewe. Asante kwa kunipigia kura.

mtoto_wa_Makunduchi #23

Sikukupigia kura bwana, nimesema moto.

Nesi_Mtaratibu #24

Nimesoma uzi wote jamani hakuna aliyegusa dawa na ndiyo roho ya sizoni ya kwanza. Ruri, yule kuhani wa kijiji, anaumwa mapafu, Senku anaamua kutengeneza dawa ya salfa, yaani sulfonamidi, siyo ile salfa ya baruti. Watu huwa wanauliza mbona asitengeneze penisilini? Penisilini ni ukungu, unaweza kukaa miaka unatafuta ukungu sahihi usiupate. Salfa ni kupika, ukifuata hatua zote bila kuruka inatoka. Ni ndefu lakini ina uhakika.

Na historia yake ya kweli inatisha kuliko manga. Mjerumani Gerhard Domagk ndiye aliyeonyesha kwamba rangi nyekundu ya kitambaa iitwayo Prontosil inaua bakteria, ikatangazwa 1935, na binti yake mwenyewe alipochomwa na sindano mkono ukaoza alimpa dawa hiyo akapona. Nobeli akaipata 1939. Sasa someni tena Ruri pale kitandani. Halafu 1937 huko Marekani kampuni moja ikaichanganya salfa na kimiminika kitamu ili watoto wainywe, kile kimiminika kilikuwa sumu, wakafa zaidi ya watu 100. Ndipo 1938 ikaja sheria ya kulazimisha dawa ithibitishwe kuwa salama kabla ya kuuzwa. Senku hakumjaribia mtu yeyote, alimpa mgonjwa moja kwa moja, Mungu alimsaidia.

Na msidhani salfa ni ya zamani. Septrini ni salfa. SP ya wajawazito ni salfa, na kati ya 2001 na 2006 ndiyo ilikuwa dawa yetu kuu ya malaria kabla ya ALu. Mimi mwenyewe nina aleji nayo, niliwahi kupewa nikiwa mdogo kwenye zahanati fulani bila kuulizwa kitu, midomo ilivimba na ngozi ikatoka malengelenge. Kwa hiyo mkisema kichwa, mikono, tumbo, mimi nasema BAHATI. Ruri angekuwa na aleji, kijiji kizima kingemrudi Senku, hadithi ingeishia pale. Au ingekuwa kifua kikuu, salfa isingefanya kitu.

NjiwaManga #25

Siyo bahati dada, alizingatia dalili. Na hata kijiji chenyewe kuwepo haikuwa bahati, baba yake Senku, Byakuya, alikuwa angani kwenye kituo cha ISS na wenzake watano siku watu wanageuka mawe, wakashuka, wakazaa, ndiyo kikaja kile kijiji. Na Byakuya akaacha zile hadithi mia zikapokewa kizazi kwa kizazi, ndani yake kaficha habari za mwanae. Kwa hiyo jibu la uzi ni MDOMO, masimulizi. Wanakijiji hawakuwa na maandishi lakini...

Dogo_Sizoni1 #26

Aaaah bro!! Ndiyo kwanza nipo episodi ya kumi. Umemwaga mchele kwenye kuku wengi. Weka tahadhari basi kabla ya kutumwagia.

Kipara_Ngoto #27

Manga imekwisha Machi 2022 wewe unalia leo.

Darubini_ya_Mbao #28

@NjiwaManga hapo kwenye watu sita ndiyo manga inaponishinda. Jozi tatu za mke na mume, halafu miaka 3,700 ya kuoana humohumo, na mwisho wamebaki 40? Watoto wa binamu wa binamu wa binamu. Pitcairn kule Pasifiki waasi wa meli ya Bounty walifika 1790 na wanawake wa Tahiti, jumla yao walikuwa zaidi ya mara tatu ya hao wa Byakuya, na bado kisiwa kile mpaka leo kina watu wachache tu na wengi walihamia kwingine. Kijiji cha Ishigami kilitakiwa kiwe kimekufa kabla Senku hajafika sekunde bilioni ya 20.

NjiwaManga #29

Hao wa Pitcairn walichinjana wenyewe kwa wenyewe miaka ya mwanzo, usilinganishe.

Darubini_ya_Mbao #30

Na wewe unaamini miaka 3,700 hakuna aliyemchinja mwenzake kwa ajili ya mke kati ya watu 40. Haya.

ChumaChaMoto #31

Kuna Mwingereza mmoja, Thomas Thwaites, alijaribu kufanya kwa kweli kitu cha namna hii, alitaka atengeneze tosta ya mkate kuanzia mwambani. Achimbe chuma mwenyewe, shaba mwenyewe, plastiki mwenyewe. Tosta ya dukani ilikuwa chini ya pauni 4, yake ilimgharimu zaidi ya pauni 1,100. Chuma kilipomshinda kwenye tanuru akamalizia kwenye maikrowevu. Alipoichomeka umeme ilikaa sekunde kama tano ikajiyeyusha. Na huyo alikuwa na treni, maktaba na simu.

Kwa upande wa pili kuna William Kamkwamba wa Malawi, kaacha shule kwa kukosa ada wakati wa njaa ya 2001, akaingia maktaba akaona picha ya kinu cha upepo, akajenga kwa fremu ya baiskeli na feni ya trekta, taa zikawaka nyumbani. Kitabu alikisoma kwa kubahatisha michoro maana Kiingereza kilikuwa kinampiga chenga.

Tofauti ya hawa wawili kwangu ni jalala. Kamkwamba alikuwa na jalala. Senku ndiye hana jalala kabisa, miaka 3,700 imekula kila kitu, hilo ndilo linalofanya hadithi iwe ngumu.

FundiGeti #32

JALALA. Hii nimeipenda kuliko tumbo. Nusu ya karakana yangu ni jalala.

Msee_wa_Kisauni #33

Na hakuna anayemtetea Tsukasa, yule adui wa Senku, hapa? Jamaa alikuwa na pointi. Alisema ukiwaamsha watu wote unaamsha na wenye pwani, wale waliomnyang'anya mtoto masikini magamba ya baharini eti ufuo ni mali yao. Sisi wa Kisauni na Nyali tunajua hiyo stori vizuri sana, ufuo ukizungushwa ukuta. Mimi siko na shida na sayansi, ila Tsukasa aliuliza itakuwa ya nani na Senku hakumjibu vizuri.

Nesi_Mtaratibu #34

Kuua watu wakiwa mawe ndiyo pointi?

Msee_wa_Kisauni #35

Njia yake mbaya. Swali lake zuri. Hizo ni vitu mbili.

Kigoda #36

Na huyu Mjapani aliyeandika na kuchora haya yote alikuwa amesoma kemia?

Osaka_Kwa_Muda #37

Si mtu mmoja. Hadithi ni ya Riichiro Inagaki, yuleyule wa Eyeshield 21 ya mpira wa Kimarekani. Mchoraji ni Boichi, na si Mjapani, ni Mkorea, tena amesoma fizikia chuo kikuu. Halafu kulikuwa na mshauri wa sayansi anaitwa Kurare. Ilitoka kwenye jarida la Jump kuanzia Machi 2017, na 2019 ikapata tuzo ya Shogakukan.

FundiGeti #38

Yaani mwenye fizikia ndiye aliyepewa KAZI YA MIKONO. Mnaona sasa? Nimemaliza.

BintiMaabara #39

Hujamaliza chochote. Mchoraji ana fizikia kichwani NA kalamu mkononi, hiyo inaua hoja yako na ya Njiwa kwa pamoja.

Ila tukiongelea simu ya Senku, kuna kipande nilikipenda sana. Kwa ajili ya maikrofoni walihitaji chumvi ya Rochelle, ile fuwele ambayo ukiiminya inatoa umeme. Wakaipata kutoka kwenye masimbi ya divai, yale mashapo yanayobaki chini, pamoja na soda. Watu wanadhani ni kubuni. Wakati wa Vita vya Pili serikali ya Japani iliwahimiza watengeneza divai wa Yamanashi wazalishe zaidi ili wapate masimbi hayo kwa ajili ya vifaa vya kusikilizia nyambizi. Divai ya vita. Ardhi ya @mwamba_wa_miamba haiwezi kueleza hiyo, wala moto.

mwamba_wa_miamba #40

Zabibu zinaota wapi dada? Angani?

Rweyemamu_Jr #41

Buhaya divai yetu ni rubisi, masimbi yapo ya kutosha, njooni mchukue mtengeneze simu.

BintiMaabara #42

Ya ndizi haina hiyo asidi ya zabibu kaka, usiwatapeli watu. Dodoma ndiyo waseme.

Dogo_Sizoni1 #43

Mmeongea yote hakuna aliyemtaja Gen. Mimi nipo episodi ya kumi lakini nimeshaona yule ndiye hatari. Hajui kemia, hana mikono, hana nguvu, anaongea tu na watu wanafanya. Na anauza utii wake kwa chupa ya kola. Nchi gani imejengwa bila mtu kama Gen?

Kigoda #44

Kola ni kinywaji, kinywaji ni tumbo. Endelea kuangalia dogo utarudi upande wangu.

Kipara_Ngoto #45

Tunampigia kura mwanasiasa sasa. Uzi umefika Tanzania rasmi.

ChumaChaMoto #46

Hiyo kola yenyewe kuna mtu amejaribu? Senku aliichemsha asali mpaka ikawa karameli, akaweka ndimu na giligilani, halafu maji yenye gesi. Vyote si vipo sokoni.

Msee_wa_Kisauni #47

Nilijaribu. Asali ukiitoa motoni ikiwa rangi ya chai ni tamu, ukichelewa kidogo inakuwa chungu inashika sufuria unasugua na mchanga. Nilitumia majani ya giligilani, makosa makubwa, ikatoka kama kachumbari yenye gesi. Nadhani ni mbegu. Soda ya club nikanunua dukani, sikutengeneza.

FundiGeti #48

Ulichujia kwenye nini?

Msee_wa_Kisauni #49

Kitambaa cha mathee cha kukunia nazi. Bado ananitafuta.

Dogo_Sizoni1 #50

Wakuu nikimaliza sizoni ya kwanza naenda Stone Wars au kuna ile ya Ryusui katikati?

Osaka_Kwa_Muda #51

Stone Wars kwanza, episodi 11 tu. Ryusui ni episodi maalumu ndefu ya 2022, inakuja baada yake, halafu New World. Na usisome posti #25 tena.